SIRI YA MGONJWA: SERIKALI IHESABU, JINA LIBAKI KWA DAKTARI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alinitwika mzigo wa kuandaa somo juu ya siri ya mgonjwa, hasa wakati huu ambapo mafaili ya hospitali yanahamia kwenye kompyuta na serikali nayo inataka kujua yaliyomo. Niliupokea mzigo huo bila kusita, kwani wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kovu lenyewe nililipata katika shule niliyosomea Kidato cha Kwanza, kabla sijahamia hapa. Jumatatu moja, gwarideni, kiranja wa afya alipanda jukwaani akiwa na daftari la zahanati ya shule. Nia yake haikuwa mbaya. Baadhi yetu tulikuwa tumekosa kwenda kuchukua dawa zetu za jioni, naye alitumwa atukumbushe. Badala ya kutuita kando, alisoma kila mstari jinsi ulivyoandikwa: jina, kidato, ugonjwa, dawa. Alipofika kwangu, shule nzima ilisikia neno "kifafa".

Hakuna aliyenicheka. Lakini usiku ule niliporudi bwenini nilikuta kitanda cha jirani yangu kimesogezwa hadi ukutani, na kikombe changu kimetengwa peke yake dirishani. Ati kifafa huambukizwa kwa mate! Kifafa hakiambukizi, ndugu zangu. Ni hitilafu katika mawasiliano ya chembe za ubongo, na wengi wetu tukimeza dawa bila kukosa tunaishi kama mtu mwingine yeyote. Kiranja aliniomba radhi nikamsamehe. Hata hivyo, maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipofika hapa sikumwambia mtu, ila muuguzi na mwalimu wa bweni. Kisha muhula uliopita chama chetu kikaandaa mjadala wenye hoja hii: "Serikali ina haki ya kusoma rekodi za wagonjwa." Kura ikaniweka upande wa kuunga mkono. Lo! Nilitaka kukataa, lakini mlezi akaniambia, "Nenda ukasome kwanza, mwanangu, kisha uje unune." Nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

MANENO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Hebu tuanze na lugha, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Watu husema "siri" wakimaanisha mambo matatu tofauti.

La kwanza ni faragha. Hii ni haki ya mgonjwa mwenyewe kuamua ni nani ajue habari za mwili wake. La pili ni siri. Huu ni wajibu wa yule aliyeambiwa, yaani daktari, muuguzi au karani, kutolitoa neno nje. Wajibu huu ni wa kale sana. Umo katika kiapo cha Hippocrates wa Ugiriki, ambacho kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. La tatu ni usalama. Huu ni ule ufundi wa kulinda: kufuli ya kabati, mlango wa chumba cha mafaili, na siku hizi neno la siri la kompyuta.

Tofauti hii si ya mapambo. Kule shuleni kwangu kabati lilikuwa na kufuli, tena nzuri. Usalama ulikuwepo. Aliyelitoa daftari alikuwa na ufunguo na aliruhusiwa kuutumia. Kilichokosekana ni siri, na kilichovunjwa ni faragha yangu. Basi mtu akikuambia kwamba kompyuta za hospitali zina ulinzi mkali, mshukuru, kisha umwulize: "Na wenye ufunguo ni akina nani?"

KUTOKA FAILI HADI KOMPYUTA

Wengi wetu hudhani rekodi za kielektroniki ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Kumbe historia yake imepitia hapa kwetu. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, si mbali na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuandika habari za wagonjwa kwenye kompyuta. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za aina hiyo katika kituo cha mashambani Afrika. Mbegu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ambayo sasa hutumiwa katika nchi nyingi duniani. Kutoka kwayo Kenya ikajenga KenyaEMR, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 2012 katika kliniki zinazowahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Faida zake ni nyingi. Faili haliliwi na mchwa. Mgonjwa hatumwi nyumbani kwa kuwa kadi imepotea. Daktari huona mara moja kwamba dawa fulani ilimdhuru mgonjwa mwaka juzi. Mimi mwenyewe ningependa, nikianguka ghafla safarini Mombasa, daktari wa huko ajue ninameza dawa gani.

Hata hivyo, kompyuta ina tabia ambayo karatasi haina. Mwizi wa mafaili 10,000 ya karatasi angehitaji lori. Mafaili 10,000 ya kompyuta huingia katika kifaa kidogo kama kidole gumba, na chumba kikabaki kama kilivyokuwa. Aidha, karatasi hukaa katika hospitali moja, ilhali kompyuta zikiunganishwa, anayekaa Nairobi anaweza kusoma ya Lodwar bila kuondoka kitini.

Hapa yafaa tutenganishe vitu viwili: idadi na orodha. Tangu mwaka wa 2011 hospitali za Kenya hupeleka taarifa zao kwa Wizara ya Afya kupitia mfumo unaoitwa DHIS2. Kwa kawaida taarifa hizo ni jumla: watoto wangapi walichanjwa, akina mama wangapi walijifungua, watu wangapi walipimwa malaria. Hiyo ni idadi. KenyaEMR nayo hushughulikia mgonjwa mmoja mmoja, jina lake, umri wake na dawa zake. Hiyo ni orodha. Idadi humwambia waziri anunue dawa kiasi gani. Orodha humwambia muuguzi ni nani ampe dawa hizo. Kila mmoja ana chombo chake, na taabu huja vyombo vikibadilishana mikono.

AGIZO LA 2015 NA HUKUMU YA 2016

Mfano bora wa taabu hiyo unatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na habari za walezi wao. Vilevile walitakiwa kukusanya habari za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Fomu iliyoandaliwa iliunganisha jina la mtu na hali yake.

Nia ya serikali ilitajwa kuwa ni kupanga huduma. Na kweli, dawa hazinunuliwi kwa kubahatisha. Lakini jiulize, ndugu msomaji: kamishna wa kaunti si daktari wala muuguzi. Hatoi dawa. Jina la mtoto wa darasa la tano lingemsaidia nini? Tena habari hizo zingepitia shuleni. Wewe unajua, nami najua, jinsi habari inavyosafiri shuleni kutoka ofisini hadi bwenini.

Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, pamoja na wenzake wakaenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Tarehe 7 Desemba 2016, katika hukumu ya Jaji Isaac Lenaola, mahakama ilisema agizo lile lilikiuka Katiba: Kifungu cha 31 juu ya faragha, na Kifungu cha 53 kisemacho kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Serikali ilipewa siku 45 kuyageuza majina yaliyokwisha kukusanywa yawe alama, ili mtu asiweze kuunganishwa na hali yake.

Tazama vizuri uamuzi huo. Mahakama haikusema serikali isihesabu. Haikusema watoto hao wasahauliwe. Ilitenganisha idadi na orodha, basi.

Sasa rudi kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Kinamlinda mtu dhidi ya mambo mawili kuhusu habari za familia yake na mambo yake ya binafsi: habari hizo kutakiwa bila ulazima, na habari hizo kufichuliwa bila ulazima. Wanasarufi wenzangu, ni vitenzi viwili hivyo, na vyote viko katika kauli ya kutendwa. Wengi wetu tulidhani kosa ni kufichua tu. Kumbe hata kutaka, yaani kuuliza kile usichokihitaji, ni kosa. Madhara huanza pale fomu inapochapishwa na nafasi ya jina.

KUFUTA JINA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Nilipofika hapo nilifurahi nikadhani dawa ni rahisi: futa jina, mambo yaishe. Mlezi akanipa mfano mwingine kutoka Marekani, nikaona si mchezo.

Katika miaka ya 1990, shirika la bima ya wafanyakazi wa serikali katika jimbo la Massachusetts liliwapa watafiti rekodi za hospitali za wafanyakazi hao. Majina yaliondolewa. Kilichobaki ni pamoja na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nambari ya posta ya mahali mtu anapoishi. Gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba wako salama. Mnamo mwaka wa 1997 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akailinganisha na rekodi zile. Watu sita tu mjini humo walizaliwa siku moja na gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo lenye nambari ile ya posta. Mmoja huyo alikuwa gavana mwenyewe, na rekodi zake za hospitali zikawa mkononi mwa mwanafunzi.

Tulete mfano huo hapa shuleni. Nikiandika, "Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyehamia muhula wa kwanza kutoka mkoa wa mbali ana ugonjwa fulani," nitakuwa nimetaja jina? La. Lakini nyote mtageuka mumtazame mtu mmoja. Ndiyo maana alama zinazowekwa badala ya jina zitunzwe kando na ufunguo wake, na vikundi vidogo visichapishwe kabisa. Kijiji chenye mgonjwa mmoja hakina idadi. Kina jina lisiloandikwa tu.

WOGA HUMFUKUZA MGONJWA

Mtu atauliza, "Kwani kuna ubaya gani? Asiye na hatia ana wasiwasi gani?" Swali hilo lilinikabili katika mjadala, na jibu nililipata Uingereza.

Kuanzia Januari 2017 mapatano yaliyoandikwa kati ya idara za huko yaliiwezesha wizara inayosimamia uhamiaji kupata anwani za wagonjwa kutoka rekodi za huduma ya afya ya taifa, ili kuwasaka wageni wasio na kibali. Magonjwa yao hayakutolewa, anwani tu. Madaktari na watetezi wa wagonjwa walilalamika kwamba watu wataogopa hospitali. Mwaka wa 2018 kamati ya afya ya Bunge ilitaka mapatano hayo yasimamishwe, na Mei mwaka huo serikali ikakubali kuyabana sana, yabaki kwa watu wanaohusishwa na makosa makubwa ya jinai.

Mantiki yake ni nyepesi. Mama aliyebeba mtoto mwenye kikohozi cha wiki tatu akiogopa kwamba daftari la daktari husomwa na askari, hataenda kwa daktari. Kama kikohozi hicho ni kifua kikuu, jirani zake watakohoa. Hapo serikali itakuwa imepata anwani na kupoteza afya. Mimi mwenyewe, baada ya Jumatatu ile, nilikaa siku nne bila kwenda zahanati. Siku ya tano nilianguka kwenye ngazi.

JE, SERIKALI IFUMBE MACHO?

Hasha. Nilikuwa upande wa kuunga mkono hoja, nami sikuikana kazi yangu. Kipindupindu kikizuka mtaani, ni lazima maafisa wa afya wajue ni nyumba ipi, wakapime maji ya kisima kile. Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa, muuguzi hana budi kumfuata kwa jina. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipothibitishwa nchini, waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja. Bila majina kazi hiyo haifanyiki.

Kwa hiyo si suala la "ndiyo" au "la". Niliwapa wasikilizaji maswali matatu, nami nawapa ninyi pia. La kwanza: kazi hii yahitaji jina, au idadi yatosha? La pili: kama jina lahitajika, anayelishika ni mtu wa tiba aliyefungwa na wajibu wa siri, au ni mtu mwingine? La tatu: mgonjwa anajua, na ana mahali pa kulalamika? Afisa wa kipindupindu hujibu yote matatu vizuri. Fomu ya 2015 ilianguka katika la kwanza na la pili.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Mwaka wa 2006 Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti virusi vya Ukimwi, inayokataza kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwaka wa 2019 ikaja Sheria ya Kulinda Data, na ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ikaundwa. Sheria hiyo huhesabu habari za afya kuwa data nyeti, na hutaka zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au mtu mwingine aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Inaruhusu pia kazi ya lazima kwa afya ya umma. Kwa watoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi, na maslahi ya mtoto hulindwa. Mwaka wa 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali, yenye lengo la kuunganisha rekodi za afya nchini katika mfumo mmoja.

Kuunganisha huko kwaweza kumwokoa mgonjwa asiyeweza kusema. Kwaweza pia kuifanya nchi nzima kuwa gwaride moja la Jumatatu. Tofauti italetwa na wale wanaoamua nani afungue ukurasa gani, na kama kompyuta itaandika jina la kila aliyeufungua. Ndiyo, kompyuta inaweza kufanya hivyo. Katika jambo hilo inaishinda karatasi. Daftari la kijani la shule yangu halikuandika nani alilisoma.

HITIMISHO

Tulishinda mjadala ule kwa kura chache, ijapokuwa wapinzani walilalamika kwamba nusu ya hotuba yangu ilikuwa yao. Sina ubishi nao.

Ndugu zangu, mkiwa viranja, mkiwa makarani, mkiwa madaktari na makamishna siku za usoni, mtapewa madaftari. Kabla ya kuuliza jina, ulizeni kama mnalihitaji. Kabla ya kulisoma, tazameni waliosimama mbele yenu.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba leo nimeutaja ugonjwa wangu katika jarida linalosomwa na shule nzima. Sikulazimishwa. Nilizungumza na wazazi wangu, nikalala juu ya jambo hilo wiki mbili, nikaamua. Neno ni lile lile lililosomwa gwarideni, lakini safari hii limetoka kwangu. Jirani yangu wa bweni aliisoma rasimu ya makala haya kabla ya yeyote, na kitanda chake kiko pale pale.

ZOEZI

1. Kwa maneno yako mwenyewe, tofautisha faragha, siri na usalama. Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka maisha ya shule.
2. Andika sentensi mbili ukitumia vitenzi "taka" na "fichua" katika kauli ya kutendwa.
3. Mwalimu mkuu anataka kujua wanafunzi wangapi wahitaji chakula maalumu kwa sababu ya ugonjwa. Mpishi anataka kujua ni nani wa kumpa chakula hicho. Nani ahitaji idadi, nani ahitaji orodha? Eleza.
4. Jadili: "Asiye na hatia hana haja ya siri."

MSAMIATI

Data nyeti: habari za mtu ambazo zikitoka zaweza kumdhuru kuliko habari nyingine.
Idhini: ruhusa inayotolewa kwa hiari na anayejua anachokikubali.
Kukiuka: kwenda kinyume cha sheria au haki.
Rasimu: andiko la kwanza kabla ya kusahihishwa.